Robo ya Mwalimu

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Watu wengi huitumia methali hii wakidhani inatuhimiza kuwapenda wanyonge. Haisemi hivyo hata kidogo. Aliyeitunga aliwajua binadamu vizuri. Alijua kwamba mapenzi hayalazimishwi, na kwamba kila mmoja wetu ana mtu ambaye akimwona tu roho inakunjamana. Kwa hiyo hakudai mengi. Ukiwa humpendi mtu, basi usimpende. Ukishindwa kumvumilia, mkimbie. Lakini kilicho chake kisibaki mkononi mwako. Agizo lenyewe ni dogo, ila limewashinda wengi, na nusura limshinde mwalimu mmoja wa biolojia aliyejiona mwadilifu kuliko mizani ya sonara.

Mwalimu huyo wanafunzi walimwita Robo, ingawa si mbele yake. Jina lilitokana na kalamu yake nyekundu. Ungeweza kujibu swali barabara, ukalipamba kwa mchoro safi wenye majina yote, naye angesoma akitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha angekata robo. Ukimuuliza robo imekwenda wapi, alikuwa na jibu lake. "Alama zote ni za Mungu. Anayefuata ni mimi niliyekufundisha. Ninyi gawaneni kinachobaki." Wanafunzi walisema siku akiingia peponi ataitazama, ataisifu, halafu ataikata robo. Maneno hayo yalimfikia na hayakumuudhi. Aliyaona ni sifa. Wazazi wenye vyeo walikuwa wamekuja ofisini kwake na zawadi zilizofungwa kwa utepe, wakarudi nazo vilevile, na watoto wao wakakatwa robo kama watoto wa watu wengine. "Kwangu hakuna wa mbele wala wa nyuma," alipenda kusema katika chumba cha walimu, na wenzake walikubali, maana ilikuwa kweli, au walau hakuna aliyewahi kuona vinginevyo.

Mambo yalianza kumwendea kombo shule ilipojiunga na mtaala wa kimataifa, ule ambao mwanafunzi akihitimu hupewa diploma inayotambulika nyumbani na ng'ambo. Sifa yake kubwa, kama walimu walivyoelezwa, ni kwamba kipimo ni kimoja. Mtoto anayesomea chini ya feni mbovu na mwenzake anayesomea penye theluji hupimwa kwa karatasi ileile ya vigezo. Kila kigezo kimeandikwa wazi: akifanya hili mpe hizi, akiongeza na lile mpe zile, akitimiza yote mpe zote. Hakuna mahali alipotajwa Mungu, wala mwalimu hakutengewa fungu. Robo alihudhuria semina nzima akiwa amekunja mikono, na wakati wa chai akamnong'oneza mwalimu wa kemia, "Sasa tumekuwa wauza njugu. Tunapima kwa kikombe cha mwenye duka."

"Lakini kikombe chenyewe hakina kidole cha muuzaji ndani," mwalimu wa kemia alimjibu, akacheka peke yake.

Katika darasa la kwanza la mtaala huo alikuwemo binti wa dereva wa basi la shule. Alisoma pale bila ada kwa sababu ya kazi ya baba yake, na mtu angetarajia mtoto wa namna hiyo apite pembeni, asionekane wala kusikika. Huyu alikuwa na mdomo. Hakuwa mtukutu wala mchelewaji, na daftari zake zilikuwa safi. Tatizo ni kwamba hakuna jibu lililomtosha. Ukimwambia moyo wa binadamu una vyumba vinne, atauliza kwa nini si vitatu. Ukimwambia wa chura una vitatu, atauliza chura amemkosea nani. Aliuliza hata kengele ikishalia, wenzake wakimsonya na kumvuta sketi akae chini. Walimpa jina la Kwa Nini, na baada ya muda hata walimu wakalitumia.

Robo alimvumilia mwaka mzima. Kisha wakaja wageni kutoka makao ya mtaala, watu wawili wenye suti na sauti za upole, kuangalia kama shule inastahili kuendelea na programu hiyo. Waliketi nyuma ya darasa lake. Robo alifundisha siku hiyo kama ambavyo hakuwahi kufundisha. Alichora figo ubaoni kwa chaki za rangi tatu, na alipomaliza akauliza kama kuna swali, huku akiomba moyoni lisiwepo. Mkono mmoja ukainuka.

"Mwalimu," alisema Kwa Nini, "karatasi ya vigezo inasema anayetimiza yote apewe zote. Kwa nini wewe huzitoi?"

Wageni wakaandika kitu. Robo akacheka kwa meno, akasema hilo ni swali zuri na litajibiwa wakati wake, kisha akafuta ubao, figo na rangi zake zote. Wageni hawakumlaumu, waliacha tu pendekezo la upole kwamba walimu wazidi kuzoea vigezo. Lakini yeye aliumia. Miaka yote hiyo ya kusimama mbele ya watoto, hakuna aliyewahi kumvua nguo mbele ya wageni, na aliyethubutu alikuwa mtoto anayesoma kwa hisani. Tangu siku hiyo binti akiinua mkono, Robo aligeukia dirishani.

Mwaka wa pili kila mwanafunzi alitakiwa kufanya uchunguzi wake mwenyewe na kuuandikia ripoti. Mwalimu wa somo ndiye anayeisahihisha kwanza, kisha ripoti chache hutumwa kwa mtahini wa nchi nyingine apime kama mwalimu amepima sawa. Kwa Nini alichagua hamira. Alitaka kujua chumvi inaizuiaje kuumua. Kwa wiki kadhaa kingo ya dirisha la maabara ilijaa chupa zilizovalishwa maputo shingoni, mengine yamevimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta, mengine yamelala. Kila alasiri alizungushia uzi kila puto, akaunyoosha uzi juu ya rula, akaandika. Wenzake walimtania kwamba anaandaa sherehe ya kuzaliwa ya hamira. Alicheka nao, akaendelea kupima.

Ripoti yake Robo aliisoma Jumamosi asubuhi, mezani kwake nyumbani. Aliisoma yote bila kunyanyua kichwa na chai ikapoa. Alipofika mwisho alifurahi, furaha ile ya mwalimu anapoona mtu amefikiri kweli. Halafu akafunga kurasa, akaliona jina kwenye jalada, akaishika kalamu. Katika mtaala huu hapakuwa na robo, lakini kalamu haikukosa cha kukata. Kati ya alama ishirini na nne alimpa kumi na nane. Na pale palipotakiwa makadirio, yaani alama ambayo mwalimu anaamini mwanafunzi ataipata mwishoni, kutoka moja hadi saba, aliandika tano. Hakujiuliza mara mbili. Alikunywa chai yake ya baridi, akaenda kunyoa ndevu.

Jumatatu mratibu wa mtaala alimfuata katika chumba cha walimu. Alikuwa mama wa makamo, mwenye subira ya mkunga, na sauti yake haikupanda hata alipokasirika.

"Mwalimu, hii tano ya binti wa dereva umeikusudia?"

"Nikiandika, nimekusudia."

"Nauliza kwa sababu chuo kilichomkubali kinataka sita, na udhamini wake wa masomo unategemea hiyohiyo. Bila udhamini haendi, unamjua baba yake. Wanafunga mwisho wa wiki hii. Alama za ripoti ukizikosea, mtahini wa nje atazirekebisha. Makadirio hayana wa kuyarekebisha. Wewe ukisema tano, dunia nzima inasema tano."

"Afanye mtihani wake wa mwisho, apate saba, awaoneshe."

"Wakati huo nafasi itakuwa imeshakaliwa na mwingine."

Robo alipanga daftari zake, kubwa chini, ndogo juu. "Mwenzangu, yule mtoto ana akili, sikatai. Ila akili bila unyenyekevu ni gari bila breki."

"Na unyenyekevu ni kigezo cha ngapi?" aliuliza mratibu.

Robo akacheka kidogo, akabeba daftari zake akaenda darasani. Alijiona ameshinda, ingawa hakuweza kusema ameshinda nini.

Kesho yake mchana binti mwenyewe alimkuta maabara akisafisha hadubini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Sikuja kubishana. Nimekuja kuuliza nilipokosea, ili nisirudie." Alikuwa na nakala ya ripoti yake mkononi, na kalamu ya risasi tayari kuandika.

Ombi hilo lilikuwa halali kabisa, na Robo hakuwa amejiandaa nalo. Akaichukua ripoti, akafunuafunua. "Hapa. Kupima puto kwa uzi ni kukisiakisia. Ulipaswa kueleza udhaifu wa kipimo chako."

"Nimeeleza, mwalimu. Ukurasa wa tisa."

Akafungua ukurasa wa tisa. Ameeleza, tena kwa kirefu, hadi namna uzi unavyonyooka ukilowa. "Basi hukurudia majaribio ya kutosha."

"Nilirudia kila moja mara tano. Jedwali liko nyuma yake."

Jedwali lilikuwepo, limepigwa mistari kwa rula. Robo akamrudishia ripoti. "Lugha, basi," alisema. "Lugha yako ina majivuno."

Alingoja lile swali. Alikuwa tayari kulijibu kwa ukali, amtoe nje, ayamalize. Binti alitazama kalamu yake, akaona hakuna la kuandika, akakunja ripoti polepole. "Ahsante, mwalimu," alisema, akatoka na kuufunga mlango taratibu bila hata kuuachia ujibamize. Robo alibaki na kitambaa mkononi. Kwa mara ya kwanza mtoto yule hakuuliza kwa nini, na badala ya kupumua, mwalimu akakereka kuliko siku zote.

Kero ilimfuata hadi nyumbani. Mkewe, aliyekuwa mfamasia wa zahanati ya jirani, aliiona kabla hajavua viatu.

"Leo umekatwa robo na nani?"

Akamsimulia, akijitetea kila baada ya sentensi moja. Mkewe alisikiliza huku akimenya viazi.

"Huyu si ndiye aliyekuumbua mbele ya wageni?"

"Hilo lilikwisha."

"Lilikwisha lini, baba watoto? Kila tukila unalisimulia. Mimi sasa naweza kulichora lile figo lako kwa rangi zote tatu."

Robo alisema maganda ya viazi yanatoka manene mno, akapewa kisu amenye mwenyewe.

Lakini kilichomvunja kilikuja asubuhi, mahali asipopategemea. Alipoingia getini alimkuta dereva akifuta vioo vya basi. Walisalimiana kila siku kwa miaka mingi, na mazungumzo yao hayakuwahi kuvuka hali ya barabara. Siku hiyo dereva alishuka, akavua kofia.

"Mwalimu, naomba kidogo tu." Alikuwa mtu mzima, mwili mkubwa, na kumwona ameishika kofia kwa mikono miwili kulimtia Robo wasiwasi. "Mwanangu ana mdomo. Najua. Mama yake alikuwa hivyohivyo, Mungu amrehemu, na mimi sikuuweza wa mama sembuse wa mtoto. Nimesikia alama zimekuwa ndogo. Nimemkanya sana. Jioni nitamleta akuombe radhi mbele yangu, ukitaka apige magoti atapiga. Nakuomba kitu kimoja, mwalimu wangu. Adhabu hii iishie hapa shuleni. Isimfuate maishani mwake."

"Adhabu?" Robo alishtuka kweli. "Nani amesema nimemwadhibu? Mimi sichanganyi adabu na alama. Muulize yeyote katika shule hii."

"Ndiyo, mwalimu."

"Alama ni kazi yake. Hata angekuwa mwanangu wa kumzaa, ningempa zilezile."

"Ndiyo, mwalimu," alisema tena dereva, kwa sauti ya mtu anayekubali kwa kuwa hana la kufanya. Akavaa kofia, akarudi kwenye vioo vyake.

Robo alikwenda moja kwa moja hadi ofisini. Alikuwa ameitwa bahili, ameitwa kisirani, ameitwa mtu wa zamani, na yote aliyameza. Hakuwahi kuonwa kuwa mtu wa kulipiza kisasi kwa mtoto. Na aliyemwona hivyo hakumlaumu hata. Alidhani ndivyo mambo yalivyo, akaja kuomba apunguziwe. Aliamua kulimaliza jambo hilo kwa ushahidi. Angezitoa ripoti zote kabatini, azilinganishe, na jioni amwoneshe baba yule kwamba kalamu nyekundu iliwakata wote kwa usawa.

Ya kwanza kuja mkononi ilikuwa ya kijana waliyemwita Mkoba, kwa sababu kila asubuhi alimpokea mwalimu mkoba wake getini na kumbebea hadi ofisini. Kijana mpole, mwenye "ndiyo mwalimu" kila mwisho wa sentensi. Alikuwa amechunguza miche ya maharage katika mwanga na kivuli. Robo alisoma, safari hii karatasi ya vigezo ikiwa kando, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kijana alikuwa amepanda mche mmoja mmoja tu kila upande. Mmoja ukikauka kwa bahati mbaya, uchunguzi wote umekufa, na hakuwa amelitaja hilo popote. Robo alikumbuka kwamba aliliona kosa hilo alipoisoma mara ya kwanza. Alikumbuka pia alichojiambia: kijana mzuri, atajifunza. Akatazama juu ya jalada. Alikuwa amempa ishirini na mbili.

Aliketi. Akaichukua ile ya hamira, akaipitisha katika vigezo hivyohivyo, kimoja baada ya kingine, akitafuta pa kukata kwa nguvu zake zote, kwa sababu kama angepapata angekuwa amepona. Hakupapata. Alijumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Jumla ilikuwa ishirini na nne.

Aibu aliyoipata haikuwa ndogo. Aliamini miaka yote kwamba robo yake ni ukali unaowaangukia wote kama mvua. Kumbe mvua hiyo ilikuwa na mwavuli, na mwavuli alipewa aliyembebea mkoba. Kila aliyemfurahisha alisamehewa bila yeye kujua kwamba anasamehe, na kila aliyemchokoza alikatwa, na zote mbili aliziita uadilifu. Wangapi walipita mikononi mwake kabla ya huyu hakutaka kufikiri. Aliwaza hivyo muda mrefu, kisha akanywa maji, akaanza kuzisahihisha upya ripoti zote, moja baada ya nyingine, majina ameyafunika kwa vipande vya karatasi. Wengi walipanda. Mkoba alishuka, na kumshusha Mkoba kulimuuma kuliko kumpandisha yule mwingine.

Alipomaliza alikwenda kwa mratibu mbiombio.

"Ile tano," alisema. "Iwe saba."

Mratibu aliweka kalamu chini. "Nimeshaituma asubuhi, mwalimu. Ulisema umekusudia."

"Itume nyingine."

"Wakishapokea makadirio hawayabadilishi kwa simu. Wanataka maelezo ya mwalimu wa somo, kwa maandishi na sahihi yake, na nakala kwa mkuu wa shule. Kwa nini ilikuwa tano na kwa nini sasa ni saba."

Robo aliona njia moja nyembamba. "Tuseme nilinakili vibaya. Saba na tano, mtu akiwa na haraka..."

"Unaweza kusema hivyo," alisema mratibu. "Watauliza ripoti ilipewa ngapi. Nayo ina kalamu yako nyekundu, kumi na nane. Wataona shule nzima inabahatisha, na nafasi ya mtoto itakwenda nayo."

"Kwa hiyo niandike nini?"

"Kilichokuleta hapa unahema."

Kulikuwa na kiti kando ya dirisha. Robo alikikalia, akaomba karatasi. Mtu ambaye kazi yake yote imekuwa kuonesha wengine makosa yao hana mazoezi ya kuandika lake, na alichana karatasi ya kwanza, na ya pili. Katika ya tatu aliandika hivi: "Mwanafunzi huyu nilimpima kwa mazoea yangu na kwa kinyongo changu, sikumpima kwa kazi yake. Kazi yake inastahili saba, na vigezo nilivyotumia kuipima upya nimeviambatisha. Kosa ni langu. Si lake wala si la shule." Akatia sahihi. Mratibu aliisoma, akataka kusema neno, akaliacha.

Mkuu wa shule alimwita siku hiyohiyo. Yaliyosemwa mle ndani hayakutoka nje, ila Robo alipotoka, mwalimu wa kemia alimsogezea kiti na chai bila kumtania, na hilo peke yake liliwaeleza wote kwamba mambo yalikuwa mazito. Alipewa onyo. Aliambiwa pia kwamba kwa mwaka huo ripoti za darasa lake zitapitiwa na mwalimu mwingine kabla ya kutumwa. Angeweza kukasirika, na siku nyingine angekasirika. Alisema sawa.

Jibu la chuo lilichelewa. Wiki ikapita, ya pili ikaanza, na Robo akageuka mtu wa kupitapita mlangoni kwa mratibu akijifanya anatafuta chaki. Hakuwa na uhakika hata kidogo. Barua inayosema "nilikuwa na kinyongo" inaweza kumfanya mtu wa mbali aseme huyu mwalimu haaminiki kwa tano wala kwa saba. Asubuhi akipita karibu na basi aliinamisha kichwa, na dereva naye hakumsogelea. Wote wawili walikuwa wakingoja kitu kilekile, na hakuna aliyejua namna ya kukisema. Usiku alilala vibaya. Mkewe alimwambia sasa anajua wanavyojisikia watoto anaowarudishia karatasi zao.

Alhamisi moja, mapumziko ya saa nne, mratibu alimsimamisha kwenye ngazi. "Wameikubali," alisema. "Nafasi na udhamini wote. Wamesema wanashukuru kwa ukweli." Robo alishika nguzo ya ngazi, macho yakamjaa machozi, akasingizia vumbi la chaki. Mratibu alikubali kwamba chaki za siku hizi zina vumbi sana.

Siku hiyohiyo, saa za kurudi nyumbani, mlango wa maabara uligongwa. Alikuwa Kwa Nini. Robo alitarajia shukrani, akajiandaa kuikataa kwa unyenyekevu kama inavyopasa.

"Mwalimu, kwa nini ulibadilisha?"

"Kwa sababu ilikuwa yako."

"Na mwanzoni kwa nini ulininyima?"

Robo alivuta kiti. Angeweza kumwambia kwamba ilikuwa bahati mbaya, na mtu mwingine angemwambia hivyo, lakini alishachoka na bahati mbaya. "Kwa sababu maswali yako yananichosha," alisema. "Na siku ile mbele ya wageni uliniumiza sana. Mpaka leo sijakusamehe vizuri. Nikuambie ukweli, sikupendi."

Binti alifikiri. Hakuonekana kuumia, alionekana kama anapima kitu kwa uzi. "Na saba bado ni yangu?"

"Saba ni yako."

"Hata kama hunipendi?"

"Hata kama. Kukupenda hakumo katika vigezo."

Akatikisa kichwa, safari hii ameridhika, jambo ambalo Robo hakuwahi kuliona tangu amfahamu. Alifika mlangoni, akasimama, akageuka. "Lakini mwalimu, kwa nini..."

"Nenda nyumbani, baba yako anangoja basi lijae."

Binti akaenda zake na saba yake. Mwalimu akabaki na kinyongo chake, kikiwa sasa kidogo, cha mtu mmoja, kisichomdhuru mwingine, na huenda kingekwisha chenyewe au kisingekwisha. Hilo halikuwa tena shauri la mtoto. Aliyekuwa akidai amelipwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.